Pikipiki Iliyoitwa Gali

Siku ile mjinga alikuwa Kipkosgei mwenyewe. Hilo analikiri bila kubanwa, na akilikiri hutangulia kucheka yeye, maana maisha yamemfundisha kwamba aibu ukiichekelea kwanza, wenzako hubakiwa na makombo tu. Lakini ili ujinga wenyewe uonekane vizuri, ni lazima turudi nyuma wiki mbili, kwenye stegi ya bodaboda pale Tuwan, mjini Kitale, ambako Kipkosgei alikuwa amesimama.

Kusimama ndiko alikojua, kukaa kulimshinda. Wenzake wakingoja abiria huketi juu ya pikipiki zao kama kuku kwenye fito. Yeye alizunguka. Alipiga teke magurudumu ya watu, akabonyeza springi za watu, akauliza maswali ambayo hakuna aliyemtuma kuyauliza: hii inakunywa lita ngapi mpaka Bungoma, hii mlima inapanda na gia ya ngapi, hii kiti yake ikinyeshewa inakauka saa ngapi. Hata nyumbani mkewe Chepkirui alishazoea kumwona ameshika kikombe cha chai akikizungusha kidogo kidogo, kama mtu anayeongeza mafuta.

Pikipiki yake mwenyewe aliiita Nyumbu. Ilikuwa ya Kihindi, ya miaka saba, rangi yake imebaki ile ya kukumbukwa tu. Haikuwa na mbio. Ikipanda mlima ilikohoa kama mzee anayetaka kusema jambo kikaoni. Ila kiti chake kilikuwa kirefu, kimelala sawasawa, na ndani yake Bethwel, fundi wa pale stegini, alikuwa amepachika sponji la kochi kuukuu. Nyuma kulikuwa na keria ya chuma ambayo abiria aliweza kuiegemea.

Asubuhi hiyo Peris, aliyeuza nguo za mitumba sokoni, alikuja stegini akamwita pembeni.

"Kosgei, wewe mdomo yako ni refu, lakini nimeangalia, mkono yako ni pole. Nataka mtu wa kubeba Kukhu."

Kukhu, kwa Wabukusu, ni nyanya. Nyanya yake Peris aliishi Tongaren, upande wa Bungoma, na mwezi wa nne alikuwa ameteleza kwenye tope la zizi akavunjika mguu. Mfupa uliunga, goti likagoma. Sasa alitakiwa kufika hospitali mjini Kitale kila Jumanne na kila Ijumaa kufanyishwa mazoezi. Matatu haikuwa na subira ya kumngoja apande, na teksi ilikuwa ya matajiri.

"Mpaka Krismasi," Peris akasema. "Lakini kwanza namjaribu mtu wiki mbili. Ile Ijumaa ya pili, Kukhu akisema ndiyo, ni wewe. Akisema hapana, usinipigie simu ukilia."

Kipkosgei alijifanya kufikiri. Moyoni alikuwa ameshakubali mara tatu. Miaka saba barabarani hajawahi kuwa na kazi inayojua jina la siku. Kazi yake ilikuwa kunyang'anyana abiria na vijana waliozaliwa juzi, kunyeshewa, kukimbizana, na kurudi nyumbani hajui kesho ina nini. Jumanne na Ijumaa mpaka Krismasi. Yaliyobaki ya wiki angeyapigania akiwa ameshiba.

"Nitambeba kama mayai," akasema. "Lakini umwambie kabisa, kwa pikipiki yangu hakuna kubeba mchere. Ni mchele peke yake."

Huo ndio ulikuwa utani wake. Watu wa Bungoma huzibadilisha l na r bila kuuliza ruhusa, na Kipkosgei alijipa kazi ya kuwasahihisha wote. Abiria akisema balabala, yeye anarudisha barabara. Akiambiwa karibu kura, anauliza kura ya diwani ama ya mbunge. Peris alishamchoka.

"Na nyinyi Wakalenjin," akamwambia, "si mkitafuta bibi mnaletewa pipi."

Stegi nzima ikacheka, na Kipkosgei akacheka kuliko wote, kwa sababu kweli hiyo ilikuwa ya haki.

Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri kupita kiasi. Kukhu alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani hata siku zisizo za kanisa. Alipanda Nyumbu kwa kutumia kigoda, akanyoosha mguu wake mbovu kwenye chuma alichochomelea Bethwel ubavuni, akaegemea keria, na kuanzia hapo akawa anaimba tenzi kwa sauti ya chini mpaka Kitale. Saa moja na nusu nzima. Mahindi yalipita pande zote mbili polepole, mtu angeweza kuhesabu mabua. Kukhu alisalimiana na watu njiani kwa majina. Mara moja alimwomba asimame aulize bei ya kuku.

Mtu mwingine angeona hapo kazi imeshapatikana. Kipkosgei aliona mateso. Mwendo ule ulimwasha mwili kama upupu. Na Ijumaa ya kwanza, wakiwa wanapanda mlima huku Nyumbu anatafuta maneno, kitu chekundu kiliwapita kwa mlio mmoja mnene, vum, kikapotea juu. Alikuwa Kipkirui, wa stegi yao, kwenye pikipiki yake mpya, injini ya mia mbili.

Kuanzia hapo Kipkosgei hakulala vizuri. Jumatatu akaenda kwa Bethwel. Fundi alikuwa amelala chali chini ya mashine fulani, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Bethwel, sema ukweli. Hii yangu na ile ya Kipkirui, gani ndio pikipiki?"

"Ya kufanya nini?" miguu ikauliza.

"Hiyo sasa ni swali gani. Ya kubeba watu."

"Watu gani?"

"Bethwel."

"Si nauliza tu. Ile ya Kipkirui iko na nguvu, sikatai. Mlima inameza. Lakini kiti imeinuka huku nyuma kama mkia ya jogoo. Hiyo imetengenezewa msichana wa miaka ishirini na mpenzi wake. Hii yako haina haraka, lakini spea unapata hata mahali wanauza chumvi. Ng'ombe hanunuliwi kwa pembe, bana."

"Wewe ni fundi umechoka."

"Nimechokea chini ya hiyo unasifu," Bethwel akajibu, na mkono ukatokea kuomba spana.

Mtu mwenye masikio angeishia hapo. Kipkosgei alimwendea Kipkirui, akamwachia Nyumbu kwa siku moja na ahadi ya tangi kamili, na Jumanne akatokea Tongaren juu ya ile nyekundu.

Kukhu aliizunguka yote. Kigoda hakikutosha, ilibidi jirani aitwe, wakamwinua wawili kama gunia la mbegu. Mguu mbovu haukupata pa kunyooka, ukakunjwa ulivyokunjika. Na kiti, kama Bethwel alivyosema, kiliinuka nyuma, kwa hiyo kila Kipkosgei alipogusa breki, Kukhu aliteremka akamgota mgongoni. Njia nzima alikuwa ameshika jaketi lake kwa ngumi mbili. Tenzi hazikuimbwa. Kipkosgei alihesabu kwamba bibi amepigwa na mshangao wa raha.

Yeye mwenyewe alikuwa peponi. Aliongea upepo ukimjaa kinywani. Alimweleza Kukhu kuhusu gia sita, kuhusu breki ya sahani mbele na nyuma, kuhusu taa inayoweza kumulika sungura aliye kwa jirani. Alimweleza na bei: laki mbili na ishirini, huko Bungoma, dukani kabisa, na karatasi zake.

"Unaionaje, Kukhu?" akauliza kwa sauti.

Kukhu alijivuta mbele kwa lile jaketi. Kisha sauti ndogo ikaja karibu na sikio lake, ikimwita papa, yaani baba kwa Kibukusu.

"Hii ni gali, papa. Hii ni gali kabisa."

Kipkosgei akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Gari. Pikipiki tamu mpaka inaitwa gari.

"Sema gari, Kukhu. Ga-ri."

"Ndiyo," Kukhu akasema. "Gali."

Walifika kwa dakika arobaini na tano. Na hapo ndipo akili yake ilipomtoka, ikapanda mlima na gia ya sita. Siku hiyo hiyo akauza magunia ya mahindi yaliyokuwa yamehifadhiwa kungoja bei ya Machi. Chepkirui alisema jambo moja tu, kwamba hajamsikia huyo Kukhu akisema anataka kitu kingine. "Ameita gari," Kipkosgei akamjibu. "Mtu akiita gari anataka nini tena?"

Kilichopungua alikipata kwa kumuuza Nyumbu. Palikuwa na kijana wa Tongaren, Bramwel, aliyekuwa akiimezea mate pikipiki ile tangu zamani. Jumatano asubuhi Kipkosgei alimkabidhi ufunguo kando ya barabara, akampa na wosia, kwamba kiki ya kwanza haiwaki, ya pili haiwaki, ya tatu usiipige kwa hasira. Bramwel akalipapasa tangi kama mtu anayempapasa ndama. Kipkosgei hakugeuka kuangalia nyuma. Alipanda matatu akaenda Bungoma, na kufikia mchana alikuwa akirudi na pikipiki mpya, nyekundu kuliko ya Kipkirui, nailoni ikiwa bado kwenye kiti. Alipita soko la Kamukuywa kama habari mbaya.

Ijumaa aliwahi mno. Umande ulikuwa bado kwenye majani alipoingia bomani kwa Kukhu na kuizima mashine kwa madaha. Peris alikuwa amekuja tangu jana yake kusikia jibu, na sasa alikuwa mlangoni amemshikia nyanya yake mkoba wa hospitali. Chini ya mti wa parachichi palikuwa na Bramwel. Amekaa juu ya Nyumbu. Kigoda kilikuwa kimeshawekwa ubavuni.

"Sasa, Bramwel," Kipkosgei akasema polepole. "Umeleta maziwa?"

Bramwel aliangalia chini. "Nimeitwa, kaka."

"Ni mimi nimemwita," Kukhu akasema. "Jana nilisikia inakohoa barabarani nikajua ni wewe umekuja kunisalimia. Nikatoka na mkongojo. Kumbe ni huyu. Nikamuuliza, pikipiki ya Kosgei unapeleka wapi? Akasema ameinunua. Nikasema basi Mungu anajua njia zake, wewe ndiye utanibeba."

"Lakini Kukhu, si hii ndiyo ulipenda. Si Jumanne ulisema hii ni gari."

"Nilisema ni gali."

"Ndiyo. Gari."

"Gali," Kukhu akasema, sasa akivuta neno kama mtu anayemfundisha mtoto mgumu. "Ya pesa."

Peris aliuweka mkoba chini ili acheke vizuri.

"Ghali, Kosgei. Amesema ghali. Si ulimpigia bei njia nzima kama mtu wa mnada? Jana aliniambia, huyu kijana anataka kununua kitu cha ghali, nimemkanya mara mbili, yeye ananiambia nitamke vizuri."

Kipkosgei alilirudia neno kwa ncha ya ulimi, gali, ghali. Miaka saba akiwasahihisha watu wa Bungoma, maneno mia tatu yaliyopinda akayanyoosha, na lile moja lililokuwa na l yake mahali pake ndilo alilolipinda. Alisikia joto likipanda kutoka shingoni mpaka kwenye ndewe za masikio. Alitaka kucheka, akaona kwamba bado ni mapema. Krismasi nzima ilikuwa inaondoka pale chini ya parachichi, nayo imeketi kwenye sponji la kochi alilolilipia yeye.

Akaanza kupigana. Alisema nauli itabaki ile ile, hataongeza hata shilingi. Kukhu akamshukuru. Alisema kiti kinaweza kushushwa, Bethwel atakifanya sawa, leo leo. Peris akamuuliza kama Bethwel atashusha na springi. Alisema ataleta kigoda kirefu zaidi. Bramwel, bila ubaya wowote, akaangalia ile nyekundu na kuuliza kama mguu wa Kukhu utawekwa juu ya egzosi, lile bomba la moshi. Kila jibu lilikuwa fupi, na kila jibu lilimfanya azunguke pikipiki yake upande mwingine, akigusa hapa, akifuta pale, kama muuzaji wa ng'ombe anayezuia wanunuzi wasiuone mguu wa nyuma. Kukhu alikuwa ameshapanda kigoda. Alikaa juu ya Nyumbu, akanyoosha goti, akaegemea, akavuta pumzi ya mtu aliyefika kwake.

Kipkosgei akabakiwa na silaha moja, ile ambayo hakuna mtu angeweza kuikataa kwa sababu saa ilikuwa shahidi. Akaja akasimama mbele ya gurudumu, mikono imekunjuliwa.

"Sawa, Kukhu. Tuache bei, tuache kiti. Tuongee masaa. Hii Nyumbu naijua, nimeizeekea. Itakufikisha saa moja na nusu, jua likikuchoma. Na mimi nakufikisha kwa dakika arobaini na tano. Sasa wewe mwenyewe useme, mbele ya mjukuu wako, gani ni afadhali?"

Kukhu alijifunga kitambaa vizuri kichwani, akamgusa Bramwel bega aanze kupiga kiki.

"Papa, huko hospitali kuna kijana ananingoja anikunje hii goti mpaka nilie. Nani amekuambia nataka kufika mapema?"