Tepu Mgongoni mwa Simu

Mimi Kageha nina mdomo, hilo mtaa mzima wa Huruma wanalijua. Lakini Jumanne, askari kanzu alipoingia kibandani kwangu kuulizia simu ya Wangeci, mate yalinikauka.

Wangeci ni mwandishi wa habari. Alikuwa ameniachia simu nimbadilishie kioo. Ndani yake, aliniambia mwenyewe, kulikuwa na sauti za wakulima wa Turbo wakimtaja aliyewauzia mbolea yenye mchanga. Walikubali kuongea baada ya kuahidiwa kwamba hawatajulikana.

Yule bwana alitoa kitambulisho, akasema ni mambo ya usalama. Nikamuuliza oda ya korti iko wapi. Akacheka, akataka kujua nimesomea wapi sheria. Nikamjibu sijasoma popote, lakini simu ya mteja haitoki hapa bila karatasi ya hakimu, hata iwe ya mke wake.

Simu yenyewe ilikuwa hapo mezani kati ya zingine saba, zote kifudifudi. Ndipo nikakumbuka tepu. Ala, mafundi hatuna akili! Mteja akiacha simu, tunaandika jina na PIN kwenye tepu, tunabandika mgongoni, ili tukimaliza kazi tuijaribu. Miaka tisa nafanya hivyo. "Wangeci 4071," kwa kalamu nyekundu.

Akaanza kusoma tepu moja baada ya nyingine. Alipofika ya tano niliinyakua ile ya Wangeci, nikabandua tepu, nikaitia mdomoni. Gundi chungu ajabu. Nikaimeza.

Hakunigusa. Alipiga picha kitambulisho changu na uso wangu.

"Kesho saa tatu nakuja na oda," akasema. "Na hiyo namba uliandika wewe, mama. Utaikumbuka."

Nilimwita Wangeci mbio. Nikamwekea kioo, nikamweleza yote. Akashukuru, akawasha simu, kisha akanipa mgongo kabisa, akabadilisha PIN.

Iliniuma. Nimemeza tepu kwa ajili yake, na bado ananificha? Karibu nimfokee. Akageuka, macho yamejaa machozi.

"Kageha, nataka kesho ukisema hujui, iwe ni kweli."

Amekwenda na simu yake. Sasa nimekaa hapa, namba siijui, simu sina, na ninajiuliza ni nani ataniamini.