Ahadi ya Mifupa

Siku za kazi, kwenye kibanda chake cha mabati ambacho upana wake haukuzidi mlango na nusu, watu walimwita Fundi, maana alikuwa fundi viatu. Jumamosi alasiri, akishasugua gundi vidoleni na kuvaa shati jeupe, aliitikia jina lingine: Mwalimu. Yeye ndiye aliyewafundisha wanaojiandaa kubatizwa, na kwa kazi hiyo, tuseme ukweli, hakuwa na mpinzani. Walimu wengine walifundisha amri na sala. Huyu alifundisha manabii.

Alikuwa na kitambaa kirefu kama shuka mbili zilizoungwa, mkewe alikipiga pasi kila Ijumaa. Mwalimu alikiandika mwenyewe kwa brashi, safu mbili. Upande mmoja yale ambayo manabii walisema juu ya Masihi, karne na karne kabla hajazaliwa. Upande wa pili yalivyotokea. Mji mdogo atakamozaliwa. Punda atakayempanda. Rafiki atakayemgeuka. Nguo zake zitakavyogawanywa kwa kura. "Ni pea," aliwaambia wanafunzi wake, na fundi viatu angesema nini kingine? "Manabii walishona cha kushoto, wakafa hawajaona cha kulia. Miaka ikapita, akaja mtu mmoja, vyote viwili vikamwenea."

Na kila pea alipoisoma, darasa zima liliitikia kwa sauti moja: Ilitimia. Alilipenda itikio lile, msimcheke. Mtu anayeshinda kutwa ameinamia kandambili zilizokatika, akipata nafasi ya kuitikiwa na watu arobaini kwa mpigo, kifua hakikosi kupanuka. Mtaani wakambandika jina la Mzee wa Ilitimia. Alijidai kukasirika, lakini moyoni lilimkaa vizuri.

Balaa lilianzia hapo hapo darasani. Siku hiyo alikuwa amefika kwenye pea ya mifupa: kwamba mifupa ya mteule wa Mungu italindwa, hata mmoja hautavunjwa. Askari walipokuja kuwavunja miguu waliosulubiwa, wale wawili wa kando wakavunjwa, yeye wakampita. Mwalimu akasoma ahadi, akanyanyua mkono ili darasa liitikie. Wakati huo huo pembe moja ya kitambaa ikaachia ukutani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, miaka kumi na miwili, akawahi kupanda juu ya mabenchi mawili yaliyopandanishwa ili aifunge. Benchi la juu likateleza. Mtoto akaja chini pamoja nalo, mguu wa kulia ukiwa katikati ya mabenchi.

Sijui ilikuwa hofu, sijui ni mazoea ya mdomo uliokwisha kuanza kusema. Mwalimu alimwinua mtoto, akampapasa mguu, na mbele ya watu wote akatamka juu yake maneno yale yale: mifupa yake imelindwa, hata mmoja haukuvunjika. Na darasa, ambalo midomo yake ilikuwa tayari imefunguka kuitikia, likaitikia. Ilitimia. Mtoto akamtazama baba yake, akawatazama wale watu, akafuta machozi kwa kiganja, akasimama. Akapiga hatua tatu ameshikilia benchi. Vigelegele vikapigwa mpaka watu wa barabarani wakachungulia.

Kesho yake ilikuwa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Mkewe, mwanamke mpole aliyepiga pasi kwa dobi tangu asubuhi hadi jioni na hakuwa na maneno mengi, alishauri mtoto apelekwe hospitali angalau akaangaliwe. Mwalimu akamjibu kwamba Mungu akishasema, kwenda kupima ni kumwambia umeongopa. Jamani. Akamsugua binti yake mafuta, akamfunga kitambaa, na kila alipomuuliza hali, mtoto alijibu panavuta kidogo tu. Baada ya siku nne akarudi shuleni kwa miguu yake.

Sasa, fundi viatu mzuri hahitaji kumwona mtu. Mpe kiatu tu. Huyu alikuwa akigeuza soli anakwambia mwenye kiatu hiki anabeba mzigo bega la kushoto, huyu anatembea akiwa na haraka ya kurudi, huyu mgongo unamsumbua na hajamwambia mtu. Wateja walimwita mchawi kwa utani. Basi wiki ya sita mkewe akapita kibandani, akaweka viatu vya shule vya binti yao juu ya meza ya kazi, akasimama. Fundi akakigeuza cha kushoto: kizima. Akakigeuza cha kulia: kisigino kimelika upande wa nje mpaka misumari inaonekana.

Alikaa nacho mkononi muda mrefu. Mikono yake ilijua. Ni yeye aliyeiambia inyamaze. Akakivika kiatu kile kwenye ule mguu wa chuma wa kugongea viatu, akang'oa kisigino, akapigilia kipya, akakiweka mezani kuona kama kimesimama sawa. Kikasimama sawa. Akajiambia ni kokoto za njia ya shuleni.

Zilipita wiki mbili na siku kadhaa, viatu vikaletwa tena, vimelika vile vile. Safari hii mkewe hakusubiri atengeneze. Asubuhi iliyofuata alimchukua mtoto, akaenda naye hospitali bila kumuaga mtu.

Daktari wa mifupa alikuwa dada mmoja mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Fundi alipoitwa alasiri, akaonyeshwa picha ya eksirei dirishani, na hata asiyesoma angeelewa. Chini ya goti mfupa uliteremka vizuri, ukafika mahali ukakata kona. Ulipasuka siku ile, daktari alieleza, haukuachana kabisa. Ukaendelea kukanyagiwa, ukapinda, ukaunga ukiwa umepinda. Angekuwa mtoto wa miaka mitatu wangesubiri ujinyooshe. Kwa umri huu hautajinyoosha. Inabidi alazwe kwa nusukaputi, uvunjwe upya pale pale ulipounga, unyooshwe, ufungwe plasta. Kwa sasa palipounga bado ni laini, mikono inatosha. Mwezi mmoja mbele itakuwa msumeno na vyuma. Na wakiuacha, atachechemea maisha yake yote, na goti litaanza kumsumbua hata hajazaa.

Akauliza kama hakuna njia nyingine isiyokuwa ya kuvunja. Daktari akamwambia hakuna. Fomu ilitaka saini za wazazi wote wawili, na ya mama ilikuwa tayari imewekwa. Zamu ya chumba cha upasuaji ilikuwa Alhamisi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Karatasi ikakaa kwenye mfuko wa shati lake Jumatatu, Jumanne, na Jumatano mchana kutwa. Aibu ilikuwepo, tusidanganyane. Kanisa zima lilipiga makofi, na sasa angepita wapi? Lakini aibu ni ya nje, mtu huizoea. Kilichomla kilikuwa ndani zaidi. Alikuwa amechukua ahadi kutoka kwenye safu ileile, akaitamka kwa imani ileile, na haikutimia. Sasa hizo nyingine je? Jumanne alifunga kibanda mchana, akakikunjua kitambaa chini, akapiga magoti juu ya vumbi la ngozi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akakisoma kama mtu anayetafuta tobo. Mji mdogo. Punda. Kura. Kila mstari ulimtazama. Aliogopa, tena sana. Akaomba, maneno yakawa hayaendi popote. Akakikunja kitambaa, akafungua kibanda, akaendelea na kandambili ya mtu.

Jumatano jioni mkewe aliwahi kurudi. Akatandika blanketi juu ya meza, akatia moto pasi, na fundi akashangaa kuona anakivuta kile kitambaa, maana haikuwa Ijumaa. Alipiga pasi taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye mifupa. Hapo akaisimamisha pasi wima, kisigino chake chini.

"Mwalimu," alisema. Nyumbani alimwita baba watoto siku zote, ingawa mtoto ni mmoja. Jina la Mwalimu alilitoa siku akiwa amekasirika. "Nikuulize swali la darasani. Wale askari, kwa nini hawakumvunja miguu?"

Akajibu kwamba ni ili neno litimie.

"Hilo ni jibu la kwenye kitambaa. Mimi nakuuliza wao walipofika pale, waliona nini?"

Fundi alilijua jibu, alilifundisha kila mwaka. Walifika wakaona hakuna haja.

"Walimkuta ameshakufa," mkewe akasema. "Ndiyo ahadi yenyewe hiyo. Ni ya mtu aliyekwisha kukata roho, mikono imetobolewa, mgongo umechanika, na Mungu akasema basi, mifupa wasimguse. Mwanangu yuko hai. Umemvika ahadi ya maiti, halafu umemwambia atembee nayo."

"Kwa hiyo wewe unasema si kweli?"

"Ni kweli. Naiamini kuliko wewe, ndiyo maana siwezi kuichezea. Ilikuwa ya mmoja, ikatimia kwa mmoja. Nani alikutuma uigawe?"

Akaishika tena pasi, akamalizia mistari iliyobaki. Mumewe alikaa pale kitini kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mdogo, hajui akasirike au ashukuru. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwafundisha watu kwamba vile viatu vilishonwa kwa miguu ya mtu mmoja tu, na kwamba ajabu yote iko hapo, kwamba havimwenei mwingine yeyote duniani. Alilisema, akalieleza, akaitikiwa. Kisha mwanawe alipoanguka, akasahau kila alichofundisha. Manabii hawakuwa wamekosea. Aliyekosea alikuwa ameketi pale na fomu mfukoni. Ungedhani kugundua hilo kungempa nafuu. Wapi. Manabii walibaki salama, na mguu wa binti ukabaki umepinda.

Akainuka, akaenda chumbani kwa binti. Alikuwa anaandika kazi za shule, mguu wa kulia ameuweka juu ya kigoda. Fundi akakaa chini sakafuni, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho, akamweleza yote bila kuzunguka. Kwamba kesho watauvunja mfupa ili uungwe sawa. Kwamba yale aliyoyasema juu yake siku ile hayakuwa yake. Yalikuwa ya Masihi, yalikwisha kutimia zamani, na yeye baba mtu aliyachukua bila ruhusa akampa asiyehusika. Alisema amekosa. Alilisema neno hilo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza halikutoka vizuri.

Mtoto alimsikiliza akizungusha kalamu. Alipomaliza, akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama darasa limeisha:

"Kwa hiyo naruhusiwa kusema panauma?"

Fundi akauangalia ule mguu juu ya kigoda. "Panauma tangu lini, mama?"

"Tangu benchi."

"Mbona ulikuwa unasema panavuta kidogo tu?"

"Watu wote walishasema ilitimia." Akaitazama kalamu yake. "Ningesema panauma, Mungu angekuwa mwongo. Na wewe pia. Nikawa nalia chooni shuleni, halafu nanawa."

Wiki tisa. Alikuwa akiamka, akifunga viatu, akienda na kurudi juu ya mfupa uliopasuka, akimlinda Mungu na baba yake wasiaibike. Fundi aliitoa ile karatasi mfukoni, ikiwa imekunjika na kulainika kwa jasho, akailaza juu ya daftari la binti yake, akaazima kalamu, akaweka saini. Jina likatoka kama la mtu mwingine. Akatafuta la kumwambia. Hakuna mtu mtaani kote aliyejua maneno ya faraja kuliko yeye, aliyajua kwa sura na mstari, na kila moja lililomjia aliona haya kulitoa.

Ndipo mtoto akaanza kulia. Hakulia kama siku ile ya kuanguka. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto wa miaka mitatu, akionyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na nikipanda ngazi, na asubuhi. Mama yake akaja mlangoni, akasimama. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Baba yake akaupakata ule mguu, akafuata kile kidole kila kilipokwenda, na yeye machozi yakimtoka hadi shingoni.

Alipotulia, akajifuta kwa kiganja.

"Kesho utakuwepo wakiuvunja?"

Akamwambia atakuwepo mpaka kwenye mlango watakapomzuia, na akiamka atamkuta hapo.

"Sawa," mtoto akasema. "Lakini baba, usiniombee kwa sauti. Usiseme kitu chochote. Unishike mkono tu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.