Jina la Rais Darajani

Baraza la mji wetu, hapa Ohio, lilitaka kuling'oa jina la Rais Whitcomb kwenye daraja, maana alijiuzulu kwa aibu ya uongo. Wakamwita Bi Verna Stoddard, ambaye mumewe alifungwa kwa kumsaidia kuuficha. Tulidhani atamlaani.

"Mume wangu alitoka jela mgonjwa, hakumaliza mwaka, na yule bwana hakutuma hata salamu," alisema. "Lakini mto huu ulikuwa ukinuka mafuta, na sheria ya kuusafisha aliitia saini yeye. Wajukuu zangu wanaogelea humo. Liacheni jina, ila na habari za jela ya mume wangu mziandike hapo hapo darajani."

Walikubali kwa tofauti ya kura moja. Mwanawe Curtis, aliyekua bila baba, alimrudisha nyumbani bila kumsemesha.