Vipande vya Msinzi

"Hivi, Bi Tabu, gari la marehemu linajengwa ghorofa?"

Hivyo ndivyo alivyouliza jirani yake, Mwanamina, siku Saadi alipoipandisha pikapu juu ya mawe uani. Nyuma ya pazia Tabu alicheka kidogo, kisha akaleta istighfari. Alikuwa edani, na kicheko cha mwanamke wa eda husikika mbali.

Mumewe Haruni alifariki kabla ya masika. Miaka ile biashara ilikwisha kuachiwa huru, na Kibiti nzima kila mwenye mikorosho alitamani gari lililotumika ng'ambo. Haruni alilipata la kwake, akalitunza kama mwana. Sasa lilikuwa mikononi mwa Saadi, mdogo wake, mtu wa maneno mengi, naye alitaka liyashinde matope ya njia ya Mkongo. Akalivisha matairi ya kashata, yenye meno ya kung'ata udongo. Akalifunga ngao ya chuma mbele na taa nne juu ya kichwa. Ila matairi yalikuwa makubwa mno, yakawa yanasaga bodi. Ikabidi gari liinuliwe.

Vyuma vya kuinulia havikupatikana. Saadi akakata vipande vya boriti ya msinzi, mkoko mgumu uliotoka Mbwera, akavisokomeza baina ya springi na ekseli, akavibana kwa bolti ndefu.

"Msinzi huu, shemeji!" akapaza sauti. "Unabeba nyumba mpaka wajukuu wanazeeka. Utashindwa na pikapu?"

Tabu alizaliwa Maparoni, kwenye mikoko yenyewe. Alijua boriti hubeba nyumba kwa kuwa nyumba haitembei. Mwenye gari ni mwenye gari, na yeye yuko ndani.

Pikapu iliegeshwa ubavuni mwa dirisha lake, na kwa urefu ule tumbo lake lote lilikuwa wazi. Mvua ikapumzika, jua likapiga. Tabu akawa anavuta tasbihi huku akitazama. Kwenye kipande cha nyuma, upande wa kulia, ulitokea mstari mwembamba kama unywele. Kesho yake ukucha ungeingia.

"Saadi, baba, mti wako unapasuka."

"Ngozi hiyo, shemeji. Moyo wake mzima."

Ijumaa baada ya swala wakaja wanawake wa kwenda harusini Mkongo, na ngoma zao na vigelegele. Gari lilikuwa refu hata wakapandia kiti. Nasra, binti pekee wa Tabu, akakaa nyuma kabisa, upande wa kulia. Kila aliyepanda, gari likadidimia kidogo.

Ta!

Kama kuni mekoni. Ngoma zilikwisha pamba moto, hakuna aliyegeuka.

"Mwanamina! Kimbia umwambie Saadi asiondoke, gogo limepasuka!"

Mwanamina akaenda, akarudi hajui acheke au aone haya. "Ati anasema shemeji ana wivu, harusi imempita."

Garini wakaangua kicheko. "Bi Tabu, tutakuletea pilau!" mmoja akaita. "Na ukoko wake!"

"Nasra, shuka! Shuka, mwanangu!"

Nasra akampungia mkono, akidhani anaagwa.

Tabu akakishika kizingiti. Hajawahi kukivuka tangu jeneza litoke. Barazani wamejaa wanaume, wakubwa kwa wadogo, nao ndio watakaosema Haruni hakuhifadhiwa heshima, hata eda yake haijesha. Na Mungu je? Akakumbuka mwalimu wake wa chuo cha Kurani akisema dharura ina mlango wake, ila asiufungue mtu kwa tamaa ya nafsi. Akaipima nafsi yake haraka. Haikuwa ikitaka harusi. Ilikuwa inaona mteremko wa kuelekea mtoni, utelezi, ekseli ikichomoka upande mmoja, na watoto wa watu wakimwagika kama mpunga.

Saadi akawasha injini. Moshi ukaingia dirishani.

Tabu akavuta shuka jeupe, akajitanda mpaka machoni.

"Mwe! Bi Tabu!" Mwanamina akamshika mkono. "Eda yako! Wanaume hao! Watu watakusema mpaka kaburini!"

"Niache, mwenzangu."

Akajinasua. Akaliweka pazia kando, akatoka juani, mbele ya baraza nzima, akilielekea gari.