Nyumba Iliyosahau Vyumba Vyake

Jumamosi asubuhi, Mwalimu alikuwa akianika mashuka ya marehemu baba yao alipomsikia kaka yake mkubwa, fundi seremala, akihesabu vyumba. Akapata vinne. Akarudia kuanzia mlango wa nyuma, akapata tisa.

Nyumba ilikuwa hivyo tangu mzee azikwe. Kaka wa pili, dereva wa lori, alilala sebuleni akaamka stoo, akalalamikia shingo tu.

Mzee alikuwa ameacha wosia wa mdomo: nusu ya vyumba achukue mkubwa, theluthi achukue dereva, na binti yake, Mwalimu, apewe chumba kimoja. Binti huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha muda wote wa kuugua kwake. Jambo hilo lilimuuma, tena sana. Hata hivyo alitaka mlango wake mwenyewe wa kufunga, na hakuna ambaye angepata fungu lake mpaka idadi ya vyumba ijulikane.

"Mimi mbao napima kila siku, hili litanishinda?" alisema seremala. Akachukua chaki, akaandika ukutani, x ikiwa ni vyumba vyote:

x/2 + x/3 + 1 = x

Akazidisha kwa sita ili aziondoe sehemu: 3x + 2x + 1 = 6x. Jibu, moja.

Kuta zikasogea. Wakajikuta wote watatu katika chumba kimoja pamoja na vitanda, makabati na jiko.

"Kaka, mguu wangu uko ndani ya sufuria," alisema dereva.

"Vumilia. Jibu ndilo hilo."

"Si hilo," alisema Mwalimu. "Umezidisha vyako na vya mwenzako. Changu umekiruka."

"Chako kilikuwa namba nzima, mdogo wangu, kimetulia zake. Nikaona hakinihusu."

"Kila kilichomo kinazidishwa, kaka. Ukibagua, pande mbili hazilingani tena."

Kosa hilo alilisahihisha kila mwaka darasani, wala halikumtoa jasho. Akapenyeza mkono kati ya kabati na godoro, akafuta, akaandika:

3x + 2x + 6 = 6x

Akatoa 5x kila upande. Sita. Kuta zikarudi zilikotoka, milango ikakaa kwenye fremu zake. Wakahesabu: vitatu, viwili, kimoja. Hakuna kilichozidi.

Mwalimu akabaki akiutazama ukuta. Vyumba vya kaka zake vilikuwa vimeondoka vyote katika kutoa. Ile sita iliyobaki, yaani nyumba nzima, ilikuwa imetoka kwenye chumba chake kimoja. Akawaita, akawaonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Walitazama kwa makini, wakakubali kwamba ni kweli kabisa.

"Ndiyo maana tulikusomesha," alisema seremala, na alimjivunia kwa moyo wote. "Haya, shika upande huo wa kitanda. Kinaenda kwenye chumba changu cha tatu."

Mwalimu akashika.