Kiti Kando ya Mizani

Mradi wa wafadhili ulipoisha mwaka wa elfu mbili na saba, wale vijana wawili waliokuwa wakimsaidia Sista Pauline kwenye zahanati yetu, huku karibu na Wamunyu, walirudi kwao. Watu wa dawa za ukimwi hawakupungua. Sista akabaki peke yake, na benchi imejaa mpaka nje ya mlango.

Binti yangu Ndunge alikuwa mmoja wa hao wa benchi. Dawa zilikuwa zimemwinua kitandani nikiwa nimekata tamaa, kwa hivyo alimwonea sista huruma sana. Siku moja akavuta kiti, akaketi kando ya mizani, akaanza kupima watu uzito na kuwaita mmoja mmoja. Tangu hapo kila siku ya kliniki akawa wa hicho kiti.

Alikuwa na mdomo, huyo.

"Mzee Kitheka, toa viatu. Hatupimi matope."

"Matope ya shamba langu pia ni mali."

"Basi yapeleke sokoni Tala, hapa tunataka wewe."

Watu wakicheka, laini inasonga. Sista akaanza kumaliza kazi jua likiwa bado liko.

Kwetu anayepakua chakula hula mwisho, wageni wakishashiba. Ndunge alikua akiona hivyo, na kule zahanati akafanya hivyo hivyo. Jioni sista akimuuliza, "Na wewe, nikuangalie?" yeye anasema, "Mimi ni wa nyumbani, sista. Nipe dawa zangu uende ukapumzike. Utaniangalia siku ingine."

Siku ingine nayo jibu likawa ni hilo hilo. Walikaa bega kwa bega kila kliniki, lakini kupimwa hakupimwa.

Kikohozi kilianza tukivuna ndengu.

Mimi mamake nikamwambia, "Ndunge, mwambie sista."

"Ni vumbi, mwaitu."

"Vumbi gani inafanya sketi ifungwe na kamba?"

"Wewe nawe, mwaitu. Nikirudi kwa benchi, kwa mizani atakaa nani?"

Alianguka hapo hapo kwa mizani, akiwa ameshika mtoto wa mtu. Mtoto hakuumia. Sista alipiga magoti, akaweka kile chombo cha kusikiliza kwa kifua chake, akakiacha hapo muda mrefu. Machozi yakamtoka.

Kule hospitali ya mjini daktari alituambia ni kifua kikuu, na kimekaa. Angeletwa mapema angetibiwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, mahali alipenda kuanika ndengu.

Baada ya matanga nilifunga dawa zake zilizobaki kwa leso, nikazirudisha zahanati, maana kuna mtu zingemfaa. Kwa kile kiti nikamkuta Hidaya, bibi ya mwenye duka la nguo, mtu wa benchi pia. Kabla hajaita jina la kwanza, sista akatokea mlangoni.

"Hidaya, ingia wewe kwanza."

Mzee Kitheka akanung'unika, "Na sisi tuliokuja na umande?"

"Ngojeni," nikamwambia. "Leo mngoje."

Akaniangalia. Akainama, akatoa viatu bila kuambiwa, akaviweka chini ya benchi.

Kiti kilikuwa tupu. Mlango haukufungwa vizuri, tukamsikia sista ndani.

"Vuta pumzi. Tena, mama. Tena."