Mkono wa Kushoto Umepata Kazi

Usiku wa jana niliota mkono wangu wa kushoto umeajiriwa ofisini, tena kwa cheo kikubwa kuliko changu, na mimi nimepanga foleni kuomba kuonana nao.

Msicheke kwanza. Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo mwanamume mwenye akili timamu hafanyi: nilimfanyia mama mkwe wangu mazingaombwe.

Ilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa shemeji yangu. Mshereheshaji amechelewa, watu wanapiga miayo, na mke wangu Namsifu akanigusa kwa kiwiko. "Chediel, hebu wachangamshe watu na vile vimchezo vyako." Nikiambiwa hivyo huwa sijizuii. Kijiko nimeshakipinda kwenye ubatizo, yai nimeshalitoa kwenye sikio la mchungaji. Nikasimama, nikaomba pete kwa yeyote. Ukanyooshwa mkono mmoja tu, wa mama mkwe, Bibi Nanzia, ambaye kwa heshima ya kwetu sijawahi hata kukaa naye sebule moja. Na pete yenyewe ni ya marehemu mume wake. Mwenye akili angesema, "Hapana mama, samahani." Mimi nikaipokea, tena kwa mikono miwili.

Pete ilitakiwa ipotee ndani ya leso, itokee ndani ya andazi. Kupotea ilipotea vizuri sana, watu wakapiga makofi. Nikapasua andazi, hamna. Nikapasua la pili. Nilipofika la kumi na moja mpishi akaja kuniondolea sinia.

Tangu siku hiyo mama mkwe yuko nyumbani kwangu. Hajakasirika, na hilo ndilo linalonitisha. "Mimi sina haraka, baba," anasema. "Nitaisubiri hapa hapa." Amekaa kwenye kiti changu, mimi nakula jikoni nimesimama, na kila asubuhi namwambia kutoka mlangoni kwamba pete iko njiani, mazingaombwe mengine huchukua muda. Namsifu hanisemeshi, isipokuwa sentensi moja: "Mwambie mama ukweli." Ukweli ni kwamba sijui pete iko wapi. Kumwambia mkwe hivyo, weee, bora ardhi inimeze.

Basi, kwenye ndoto niko kwenye foleni, mchana kweupe. Mlango umeandikwa: OFISI YA VITU VILIVYOPOTEA MBELE YA WATU. Mbele yangu amesimama kijiko. Namtambua, ndiye yule wa ubatizo.

"Bado sijanyooka," ananiambia.

"Pole sana."

"Wageni wakija sitolewi. Naishi nyuma ya kabati na kifuniko kisicho na sufuria."

"Lakini ulikuwa mchezo tu."

"Kwako," anasema kijiko, na ananigeuzia mgongo, ule uliopinda.

Nyuma yangu kuna jiwe la msingi, limevaa kipazia chekundu, linahema. Linaniambia limewekwa mara tatu kwa zahanati ile ile. Kila mara wageni wakishaondoka na magari yao zahanati inapotea, linabaki lenyewe na kipazia.

"Sasa hapa umefuata nini?"

"Barua ya kuwekwa mara ya nne," linasema. "Nimeambiwa nioge."

Mara waheshimiwa wanafika na kupita foleni yote. Mmoja anakata utepe, kisima kilichokuwa nyuma yake kinapotea. Makofi. Mwingine anafunika barabara ya kata nzima kwa leso, anapuliza, anafunua, hamna barabara. Watu wanashangilia hadi wanatoa machozi, halafu wanaondoka kwa kukanyaga matope.

Mimi kama mtu wa fani nataka kujifunza. "Samahani mheshimiwa," namuuliza yule wa leso. "Na kuvirudisha mnavirudishaje?"

Wananitazama wote. "Kurudisha?" anasema. "Wewe umepoteza nini?"

"Pete moja."

"Na unakosa usingizi?"

"Usingizi ninao, ndio huu naota."

"Huyu bado anajifunza," anawaambia wenzake, na wananionea huruma kabisa. Mmoja ananipa utepe wa kuanzia.

Naitwa ndani. Ukutani kuna picha kubwa ya mkono wangu wa kulia, umevishwa shada la maua. Chini yake imeandikwa kanuni ninayoisema kila siku: TAZAMENI MKONO HUU. Makarani wote wameitii, wanaitazama picha hiyo, hawaandiki chochote. Nyuma ya meza umekaa mkono wangu wa kushoto, umefunga tai. Naangalia shati langu, mkono wa shati unaning'inia mtupu.

"Karibu, keti," unasema. "Miaka kumi na tisa."

"Ya nini?"

"Unawaambia watu watazame yule wa kulia, kazi nafanya mimi. Yeye anapungia watu, mimi naficha mayai. Hata saa umenivalisha mimi ili yeye asichoke. Umewahi kuniambia asante?"

Nasema sijawahi. "Nisamehe. Nina shida, mkwe yuko nyumbani. Pete uliipeleka wapi?"

"Mfukoni mwa koti, kama siku zote. Kilichotokea baada ya hapo sijui. Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Makarani wote wanageuka kunitazama, mara ya kwanza tangu waajiriwe.

"Mkono wa kulia," nasema.

"Haya. Na wewe mwenyewe ni mmoja wao." Unagonga muhuri kwenye karatasi tupu. "Kuna daftari la walionitazama mimi. Liko chumba cha pili."

Nafungua mlango wa pili, na niko ndani ya andazi. Kuna joto, kuna harufu ya iliki, ukuta ukiuegemea unaingia ndani. Daftari liko juu ya kigoda. Nalifungua: kurasa za miaka kumi na tisa, zote nyeupe. Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja, wa Jumamosi. Jina hakuna. Kuna dole gumba tu, la wino wa zambarau, bado mbichi.

"Huyu ni nani?" nauliza.

"Siruhusiwi kutaja," linasema andazi, na linatetemeka lote. "Anangoja mwenye siri aitoe mwenyewe."

"Haiwezekani! Mtu wa mazingaombwe hatoi siri!"

Hapo hapo siri inaanza kuvimba mdomoni mwangu. Inakuwa kubwa kama kokwa la parachichi, mashavu yananivimba, siwezi hata kumeza mate. Nje nasikia kikombe kinawekwa kwenye kisahani. Mheshimiwa anakunywa chai. Naona meno yake yanaingia kutoka upande wa mashariki.

"Tema!" linapiga kelele andazi. "Anatutafuna, tema!"

Natema. "Sijui iko wapi!" napayuka. "Sijui! Nilikuwa najionyesha tu!"

Nikaamka nimekaa kitandani. Kumeshapambazuka. Namsifu ananitazama.

"Umesemaje?"

"Nimesema sijui iko wapi."

"Usiniambie mimi," akasema, akavuta shuka.

Nikaenda hadi mlango wa sebule. Mama mkwe alikuwa ameshaamka, kanga mabegani, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Imefika?"

"Mama, haikuwa njiani. Niliitia mfukoni, baada ya hapo sijui. Hakuna mazingaombwe yoyote. Nilitaka nionekane mbele ya watu, na nikaichezea pete ya baba. Siku zote hizi nimekuwa nakudanganya. Naomba unisamehe."

Aliweka kikombe chini, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Pete ikatoka, akaivaa.

"Mfuko wa koti lako umetoboka," akasema. "Ilidondoka ikabingirika hadi miguuni kwangu hata leso hujaifunua. Wenzangu wote walikuwa wanashangaa huo mkono mwingine."

"Ukaiokota, mama?"

"Kwanza niliikanyaga. Nikasema ngoja nimsikie huyu baba atasema nini. Ukaanza habari za njiani." Akacheka kidogo, na mimi machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu. "Namsifu! Niandalie mkoba, nakwenda nyumbani leo. Na wewe baba lete hilo koti, na sindano."

Nilimletea, nikasimama karibu naye kuliko nilivyowahi kusimama. Alilamba uzi, akanyanyua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Kidole gumba chake kilikuwa na wino wa zambarau, kuanzia ncha hadi kwenye kiungo.

"Mama, kidole kimepatwa na nini?"

"Kuna mahali nilitia dole," akasema, akaendelea kushona.